Siku Kabu Wangu Walipombeba Mkwe

Atuganile mwanangu,

Watu wenye adabu huanza barua kwa kuuliza hali, halafu wanajijibu wenyewe kwamba huku wote wazima, wasiwasi ni kwako uliye mbali. Wewe hujawa mbali bado. Uko hapo kwa mama Anyisile unaagana na wanakwaya wenzako, na kicheko chako kinanifikia hapa barazani ninapoandikia. Kwa hiyo hali yako naijua. Jua bado liko juu ya migomba, miwani ninayo, na kalamu nimeiiba kwenye begi lako. Usihangaike kuitafuta.

Habari za neti, za sabuni, za kutopokea chakula cha mtu kwenye basi, hizo mama yako ameanza kukupa tangu Jumatatu na ataendelea mpaka kondakta afunge mlango. Sina la kuongeza hapo. Ninalo jambo moja tu, na kesho ukiondoka nalo likiwa vile lilivyo, sidhani kama nitapata tena nafasi ya kulitengeneza.

Wiki iliyopita uliacha fomu ya chuo mezani. Najua si yangu. Lakini mtu wa darasa la nne akiona karatasi yenye mistari ya kujaza, macho yanakwenda yenyewe. Nikasoma. Jina, sawa. Dini, sawa, ingawa mchungaji angekuwa na maswali. Mahali pa kuzaliwa umeandika Kyela, na mimi nikanyamaza, maana ulizaliwa ndani ya mtumbwi kati ya Ikombe na Lyulilo na mama yako hapendi ijulikane. Nikafika pale wanapouliza kama mwanachuo amewahi kuwa skauti, kwa sababu wanataka walimu watakaoshika skauti wadogo mashuleni. Ukajibu HAPANA. Kwa herufi kubwa. Maswali mengine yote umejibu kwa herufi ndogo.

Nikaikunja fomu kama nilivyoikuta. Nikaenda kuangalia kakao kama imekauka, na ilikuwa imekauka tangu juzi yake.

Ulikuwa kabu, skauti mdogo. Tena kabu mzuri kuliko wote niliowahi kuwapigia filimbi. Mimi ndiye niliyekuvua skafu, na mimi ndiye niliyepaswa kuvuliwa. Hilo ndilo jambo lenyewe. Yanayofuata ni maelezo, unaweza kuyasomea kwenye basi.

Kwanza nikueleze nilivyoipata filimbi, maana kila nilipowahi kusimulia niliongeza chumvi. Mimi sikusomea skauti mahali popote. Ujana wangu nilikuwa mfunga kamba bandarini Itungi. Meli ikija, natupiwa kamba, naifunga. Meli ikiondoka, naifungua. Hiyo ndiyo elimu yangu ya juu. Mgongo ulipokataa nikarudi nyumbani kulima, na nilikuwa mkulima wa hovyo kama unavyojua. Ilikuwa miaka ile vitu vilipoanza kurudi madukani. Pale sokoni Mbugani walianza kumwaga mitumba chini kwenye maturubai, sabuni zikavuka kutoka Malawi mchana kweupe, na kila mtu mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Mwalimu aliyesomea skauti katika shule yenu naye akaweka chaki mezani, akaenda kuuza makoti Tunduma. Simlaumu. Makoti yalikuwa mazuri.

Mwalimu mkuu akabaki na kabu bila wa kuwashika. Akanifuata shambani.

"Mzee, nasikia unajua mafundo."

"Najua kumi na moja."

"Na filimbi unaweza?"

"Mwalimu, mimi nimepigia filimbi meli."

Hapo nilidanganya. Aliyekuwa anapiga filimbi alikuwa mtu mwingine. Basi nikapewa filimbi, nikapewa na kitabu kisicho na jalada, kinachoanzia ukurasa wa tisa. Mpaka leo sijui kurasa nane za mwanzo zilisema nini. Huenda zilisema mtu wa aina yangu asipewe watoto. Bwana Saidi wa duka la vitambaa, yule ambaye babu yake alitoka Kilwa na mzigo wa shanga asirudi tena, akatukatia skafu kutoka kwenye pazia la njano lililopauka dirishani. Kumi na mbili zikatoka, na kipande kikabaki, akakifanya kitambaa cha kufutia mizani.

Mlikuwa na miaka saba, minane, wewe tisa. Nikawafundisha ahadi, nikawafundisha saluti, na nikawafundisha kwamba kila kabu lazima atende tendo jema moja kila siku. Hapo ndipo kijiji kilipoanza kupata shida. Unakumbuka? Mlikuwa mnawapokea kina mama ndoo za maji njiani na kuzipeleka kwenye nyumba zisizo zao. Mlimfunga mbuzi wa mchungaji fundo la Itungi, ikabidi kamba ikatwe kwa panga. Bibi mmoja alikuja kunishtaki kwamba amevushwa mto mara tatu asubuhi moja na hakuwa anakwenda ng'ambo.

Mimi nilikuwa nacheka. Nilikuwa mtu wa maana kwa mara ya kwanza tangu nitoke bandarini. Watoto kumi na wawili wakinyamaza kwa mlio mmoja wa filimbi! Nyumbani hapakuwa na mtu aliyenyamaza nikisema, hata kuku. Ninakuambia haya ili uone mahali ugonjwa ulipoanzia. Ulianzia kwenye raha.

Halafu ukaja ugeni. Kamishna wa skauti kutoka Mbeya, mwenye soksi ndefu mpaka magotini na kalamu mbili mfukoni. Mwalimu mkuu akaniambia mgeni anataka kuona kabu wakifanya kazi, si wakiimba tu. Nikapanga. Ambokile, yule mnene wa mama Anyisile, angelala kwenye migomba kando ya njia ya Lyulilo, amejifunika khanga, ajifanye mgonjwa asiyejibu. Kabu wangepita, wangemwona, wangetengeneza machela kwa mianzi miwili na makoti ya mitumba, wangemleta kwangu, nami ningempima mbele ya mgeni. Mlifanya mazoezi wiki nzima. Niliwafundisha kwa kiboko cha maneno: mtu aliyejikunyata, amejifunika, ukimwita hajibu, huyo ni mgonjwa, mbebe.

Sasa, haya unayajua, lakini nayaandika kwa sababu huko uendako utaishi na watu wasioyajua na watakuuliza. Kwetu mke wa mwanao hakutani nawe. Akikuona unakuja anaacha njia, anajikunyata majanini, anajifunika, anakaa kimya mpaka upite. Jina lako halitaji. Sauti yake huisikii. Na si kazi yake peke yake. Wewe baba mkwe unapaswa kukohoa ukiwa mbali ili apate muda wa kutoka, na ukipita unageuza uso upande wa pili kama vile kule kuna kitu cha maana sana. Ni kazi ya watu wawili.

Siku ile ilikuwa siku ya soko. Nilijua Tusekile, mke wa kaka yako Gwakisa, amekwenda Lyulilo kununua vyungu. Nilijua njia atakayorudia, kwa kuwa ni moja. Lakini kamishna alikuwa ubavuni mwangu ananiuliza nimesoma skauti wapi, nami nilikuwa namjibu kwa urefu, na mtu aliyesoma skauti mahali kama pale nilipopataja hakohoi-kohoi mbele ya wageni. Sikukohoa.

Ambokile alikuwa amechoka kuwa mgonjwa. Alikwenda zake sokoni kula samaki. Tusekile akaja na chungu kichwani, akanisikia ninavyojisifu, akaingia kwenye migomba ileile, akatua chungu, akajikunyata, akajifunika khanga. Kabu wakafika. Wakamwita. Hakujibu. Angejibuje, nami niko hatua ishirini kutoka pale? Wakambeba.

Hakupiga kelele. Fikiria hilo, mwanangu, mimi nimelifikiria sana. Mwanamke mzima ananyanyuliwa na watoto, anawekwa juu ya makoti, anapelekwa mahali pale hasa anapopakimbia, na hawezi kusema "niacheni" kwa sababu sauti yake ingekuwa kosa kubwa kuliko kubebwa.

Ukatangulia mbio. Ulikuwa kiongozi wa kikosi, lakini hukupiga saluti. Ukanivuta shati.

"Taata, si Ambokile. Ni wifi."

Nikakuambia, "Skauti haulizi mgonjwa ni nani."

"Taata, ni wifi Tusekile. Nimeiona miguu yake."

"Rudi mstarini, kabu."

Kamishna akainama. "Mtoto anasema nini?"

"Anasema mgonjwa ana homa, mheshimiwa."

"Vizuri sana. Basi mpime tuone."

Ningeweza kugeuka. Ningeweza kusema nina tumbo, nikaingia kichakani, wazee wa rika langu hufanya hivyo kila siku na hakuna anayeuliza. Mambo yangeishia kwenye kicheko. Badala yake nikapiga goti, nikaushika mkono wa mke wa mwanangu. Ulikuwa na vumbi jekundu la vyungu viganjani. Nikahesabu mapigo mpaka thelathini, maana kitabu kilisema thelathini. Nikatangaza, "Mapigo mazuri." Kamishna akaandika.

Basi hapo kina mama wa sokoni wakatokea na mizigo yao. Mmoja akaona ni nani aliyelala na ni nani aliyepiga goti, akaachia ukelele, kabu mmoja akaachia mwanzi, khanga ikateleza. Tukatazamana, mimi na Tusekile. Akaamka, akakimbia, chungu akakiacha. Kamishna akaniambia mgonjwa amepona haraka.

Yaliyofuata ulikuwepo, lakini ulikuwa mdogo na ulikuwa unatazama chini. Baba yako mkubwa akaketisha ukoo. Akauliza nani alijua. Nikasema sikujua, nimeletewa mtu aliyefunikwa. Akakugeukia wewe, kwa upole kabisa, "Na wewe, mama, ulimjua?"

Ukasema, "Nilimjua. Nikamwambia taata."

Watu wote wakanitazama. Nilikuwa na muda wa kutosha, Atuganile. Sitakudanganya kwamba nilishtukizwa. Nilitazama miguu yangu, nikatazama mlango, kisha nikacheka. Nikasema, "Kabu huyu anaota mchana." Nikacheka tena, na ninapocheka mimi watu hucheka, hilo ndilo balaa nililozaliwa nalo. Chumba kizima kikacheka. Hata baba yako mkubwa. Nikakuvua skafu hapo hapo, kwa kosa la kubeba mtu bila kumtambua. Ukalifungua fundo wewe mwenyewe, kwa sababu lilikuwa limekaza na vidole vyangu havikuliweza.

Tusekile akarudishwa kwao Mwaya mpaka tulipopeleka jogoo na maneno. Akarudi. Wenzako wakaanza kukuita Machela. Mwaka uliofuata akajifungua, na mtoto akawa wa kukohoa usiku na mchana, na wanawake wakasema kifua kile kimeingiwa na kosa la siku ile, na kosa lile lililetwa na Machela. Mtoto alipona. Leo ni jitu, anapalilia mpunga na kula sahani mbili. Lakini jina halikupona. Wiki hii tu nimemsikia mwenye duka la mafuta ya taa akikuuliza, "Machela, unaondoka lini?" ukamjibu tarehe kana kwamba ndilo jina ulilobatizwa.

Na mimi nilikuwepo miaka yote hiyo, umbali wa sentensi moja.

Uliniuliza mara moja. Tulikuwa tunavuka mto Lufilyo na mzigo wa ndizi, ulikuwa na miaka kama kumi na minne. "Taata, kwa nini ulicheka?" Nikakuambia nilicheka kwa sababu skafu yako ilikuwa imegeuka nyuma mbele. Hukuuliza tena. Ndiyo maana naandika. Nikifungua mdomo, mzaha unatoka kwanza, na ukishatoka huwa unafunga mlango nyuma yake. Kalamu ni nzito kidogo. Inanipa muda wa kufuta. Hapa juu nimefuta mizaha minne. Uliyoiona ni ile iliyonishinda.

Sasa nisikilize. Juzi niliwaambia nakwenda Kyela kung'oa jino. Jino lipo, njoo ulihesabu. Nilipanda gari la mpunga mpaka Njisi, kwa Gwakisa. Nilimkuta anachonga mpini. Nikaketi kwenye gogo nje ya jiko, mgongo wangu kwenye ukuta wa mianzi, na nyuma ya ukuta nikasikia mchi, nikajua yuko ndani anatwanga.

Gwakisa akasema, "Baba, umekuja kwa amani?"

"Nimekuja kusema kitu, halafu utaniambia kama ni amani." Nikapaza sauti ipite ukutani. "Siku ile mdogo wako aliniambia ni mke wako. Aliniambia mara mbili. Nilijua kabla sijaushika mkono."

Mchi ukanyamaza.

"Na mbele ya baba mkubwa ulisema nini?" Gwakisa akaniuliza. Hakuniangalia, aliuangalia mpini.

"Nilisema anaota."

"Na watu?"

"Walicheka. Niliyeanza ni mimi."

Ndipo nikasikia sauti ambayo sikuwahi kuisikia tangu aolewe. Nilidhani itakuwa nyembamba. Kumbe ni besi, mwanangu, besi ya kwaya ya mjini! Hakusema nami. Alisema na kinu.

"Wewe kinu," akasema, "kama kuna mtu nje, mwambie aliyelala kwenye machela alikuwa na masikio. Alisikia 'ni wifi' ya kwanza na akasikia ya pili. Alisikia na homa aliyopewa."

Gwakisa akaweka mpini chini. "Ulikuwa unajua? Miaka yote?"

"Kinu, mwambie mume wangu anifundishe. Mkwe anakwenda kwa wazee kutoa ushahidi juu ya mtu ambaye hata jina lake halitaji? Angesimama wapi? Angesema 'huyu' na kumwonyesha kidole?"

Gwakisa akauokota mpini. Mambo haya sikuwahi kuyawaza. Nilidhani siri ile ni yangu na yako, na wewe ulikuwa mtoto, kwa hiyo nilidhani ni yangu peke yangu. Kumbe tulikuwa watatu. Mmoja alisema akachekwa, mmoja alizuiwa kusema, na aliyekuwa huru kusema ni mimi.

Nikajaribu. Nilisema, "Kinu, mwambie anayetwanga kwamba kwaya ya Kyela inatafuta besi."

Kinu hakikucheka. Gwakisa naye hakucheka.

Kisha Tusekile akasema, polepole, "Mwambie huyo wa nje kwamba mimi sikuumizwa na watoto. Watoto walinibeba vizuri. Yule aliyekuwa mbele alishika khanga yangu isianguke njia nzima, mpaka alipokimbia kwenda kusema. Sijawahi kumwambia ndaga, yaani asante. Nikienda kwake, wanawake wanasema nimekwenda kumlaani. Sasa nasikia anaondoka, na ataondoka akidhani na mimi niliamini."

Hilo la khanga nilikuwa silijui. Ulikuwa na miaka tisa, umebeba mwanzi kwa mkono mmoja, na kwa mwingine unamfunika wifi yako ili heshima yake isidondoke. Hakuna ukurasa wa kitabu changu uliofundisha hivyo. Labda zile nane za mwanzo.

Atuganile, mimi si mtu wa kutoa mafunzo, nimeyaona yalivyo nikiyatoa. Lakini utasimama mbele ya watoto kwa miaka mingi, na siku moja atakuja mgeni mwenye kalamu mbili, na mtoto mmoja atakuvuta shati wakati huohuo, wala hatachagua wakati mwingine. Mimi nilidhani mgeni ndiye mkubwa siku ile. Mgeni yule alipanda gari lake saa nane mchana na sikumwona tena duniani. Aliyoandika ameyapoteza zamani. Wewe nimekula nawe meza moja miaka kumi.

Na sikuombi uibadilishe fomu. Mtu ana haki ya kusema hakuwa, kama kuwa kwenyewe kulimalizwa vile. Ila usiandike hapana kwa sababu yangu. Ukiandika, iwe kwa sababu soksi ndefu hazikupendezi.

Nilirudi na gari lilelile, na jana asubuhi nikaenda kwa baba yako mkubwa. Unajua masikio yake yalivyo siku hizi. Nikamwambia. Akaweka mkono sikioni, "Sema tena." Nikasema kwa nguvu. "Sema tena." Nikapiga kelele, nikasimama kabisa, nikasema ATUGANILE HAKUOTA, MIMI NILISEMA UONGO, na wakati huo wavunaji wa kakao wa jirani walikuwa wamekwisha kuja uani, na yule wa duka la mafuta ya taa alikuwa amesimama na baiskeli yake. Nadhani mzee alinisikia tangu mara ya kwanza.

"Na mwenyewe umemwambia?" akaniuliza.

"Nitamwandikia barua."

"Si mnakaa nyumba moja?"

"Ndiyo."

"Hm," akasema. Akanikaribisha ndizi za kuchoma, tukala.

Kwa hiyo ukisikia kesho watu wakikuita kwa jina lako la ubatizo, usidhani ni kwa ajili ya safari.

Limebaki moja, nalo ndilo lililonifanya niandike leo na si juma lijalo. Tusekile alimwambia kinu neno la mwisho. Alisema anataka kuja stendi kukuaga, asimame mbele ya watu wote wa Kyela, akushike mkono, akuite Atuganile. Amekwisha kushona na gauni. Lakini stendi ni moja, basi ni moja, na baba wa msafiri huwa anasimama dirishani. Yeye na mimi hatuwezi kusimama dirisha moja. Desturi inasema mkwe ndiye anayejitoa. Amejitoa njiani, amejitoa Mwaya, amejitoa mpaka Njisi.

Nikakiambia kinu dirisha ni lake.

Basi kesho tutaagana hapa nyumbani, mimi na wewe, na nitasema upuuzi kama kawaida yangu, nawe utanivumilia. Nitakusindikiza mpaka Mbugani, nitakubebea sanduku mpaka dukani kwa Bwana Saidi, na hapo nitaishia. Gwakisa atalichukua. Usinisubiri dirishani na usimtume mtu aje kuniita. Atakayekuwa pale ni yeye. Mwangalie yeye, mpe mkono, kaa naye muda wote basi linaponguruma. Akiongea, usishtuke, ni sauti yake.

Mimi nitakuwa barazani kwa Bwana Saidi, nimeipa stendi mgongo. Na basi likichelewa, maana halijawahi kuondoka kwa wakati tangu linunuliwe, nitautazama ukuta wake asubuhi nzima. Nimekwisha kuuona. Umepakwa chokaa vibaya sana, upande mmoja mzito, mwingine unaonyesha tofali. Nitakuwa na cha kutazama.

Ni mimi baba yako.